Kifua cha Kipa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa shati la shule, Kipa alijizungushia bendeji kifuani, akaivuta hadi pumzi ikawa fupi. Alikuwa na miaka kumi na sita, na kifua chake kilikuwa kimeanza kuota matiti kama cha msichana.

Alizaliwa na virusi vya Ukimwi. Hilo alilijua tangu utotoni, na dawa alizimeza kama wengine wanavyopiga mswaki. Lakini tangu matiti yalipojitokeza, yakimuuma hata kwa kuguswa na kitambaa, kila kidonge kilimshuka kooni kama tusi. Mpira aliuacha, ukipa wake ukabaki jina tu. Nyumbani alijibu kwa kunong'ona. Aibu ni moto wa pumba: hauna mwali, lakini unateketeza. Mwishowe alijiambia, heri nife mwanamume, akaanza kutupa vidonge chooni.

Aliyemgundua ni mama yake, fundi cherehani. Alikuwa akimpima shati jipya. Utepe ulipofika kifuani, kijana akaruka nyuma.

"Hebu nione, mwanangu."

"Hakuna kitu, mama."

"Basi nioneshe hicho ambacho hakipo."

Akaifungua bendeji, macho chini. Mama hakupiga yowe. Alizitazama alama nyekundu zilizobaki kwenye ngozi ya mwanawe, kisha akauliza polepole, "Na dawa?"

"Nimeacha."

Mama akaketi juu ya rundo la vitambaa. "Baba yako aliona haya kwenda hospitali," alisema. "Tulimzika na haya zake. Wewe sikuziki."

Jumamosi, mama alimpeleka kliniki, kwenye kikao cha vijana wanaoishi na virusi. Muuguzi, bwana mmoja mcheshi, aliuliza kama kawaida, "Nani ana swali?" Kama kawaida, wavulana wakavitazama viatu vyao.

Kipa akasimama.

"Mimi. Nimeota matiti. Nataka kujua kama bado ni mwanamume."

Mmoja alianza kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Nyuma kabisa, kijana aliyeitwa Mnara kwa kuwa mrefu kuliko wote, aliyevaa sweta zito hata wakati wa joto, alikuwa ameinua mkono.

"Na mimi."

"Na mimi," akasema mwingine dirishani. "Nilidhani niko peke yangu."

Muuguzi aliacha mzaha. "Nyote ni wanaume. Dawa mojawapo huwafanyia hivi baadhi ya wavulana, na daktari anaweza kuibadilisha. Lakini ukiiacha kimyakimya, unamfungulia adui mlango."

Daktari aliwapima mmoja mmoja, akaagiza vipimo vya damu, akawabadilishia dawa. Hakuwadanganya: uvimbe ungechukua miezi kupungua, na huenda usiishe wote. Halikuwa jibu alilolitamani Kipa. Hata hivyo, alivuta pumzi, ikashuka hadi chini kabisa.

Walipotoka, walisimama ngazini, watatu, kama ndugu waliopoteana.

"Nilifikiri nageuka mama yangu," alisema Mnara.

"Thubutu!" Kipa akamjibu. "Mama yako anakushinda ndevu."

Wakaangua kicheko hadi mlinzi akageuka.

Mama, aliyekuwa akisubiri nje ya lango, alisikia sauti nene ikivuma juu ya zile nyingine. Ilimchukua muda kuitambua kuwa ya Kipa. Imekuwa nene lini, na yeye alikuwa wapi? Alitaka kumwita, akajizuia, akasimama palepale akiisikiliza.