Maneno Saba kwa Wiki

Mwalimu Ghizlane aliingia duka la viatu la Bwana Abdelhaq, ndani kabisa ya soko la ngozi la Fes, akiwa na karatasi moja ya kutiwa saini. Isiposainiwa kabla ya adhuhuri, Ibtihal, binti wa mwenye duka, angerudishwa kwenye darasa la watoto hamsini, ambako kwa miaka miwili alijifunza jambo moja tu: kukaa kimya nyuma.

Chai ya nanaa ikaletwa. Bwana Abdelhaq akavaa miwani, akausoma mpango wa masomo ya binti yake, akacheka.

"Maneno matano kwa wiki? Mwalimu, hayo hata kasuku anayaweza. Weka ishirini."

"Herufi zinamchezea machoni, Bwana. Akili anayo, tena tele. Tukimtwika ishirini atafunga mdomo tena."

"Haya, kumi na nane. Kwa sababu ni wewe."

Ghizlane akaduwaa. Alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa aibu, hata kwa matusi. Kwa kupatana bei hakuwa amejiandaa.

"Matano nimeyapima, Bwana."

"Kila muuzaji husema amepima. Kumi na sita."

Ibtihal, mwenye miaka tisa, alikuwa sakafuni akipanga viatu jozi kwa jozi, bila kukosea hata kimoja. Hakuinua kichwa.

"Saba," akasema.

"Nani kakuuliza, kipenzi?"

"Si mimi nitakayeyasoma? Saba. Na wewe ukae nami dakika kumi kila jioni, bila kelele."

"Mimi napiga kelele?" akafoka baba, mpaka jirani wa duka la pili akachungulia. "Njoo ushuhudie! Mtoto ananikaba koo!"

"Akukabe tu," jirani akajibu. "Kafundishwa na nani?"

"Dakika tano!" alisema baba.

"Kumi."

"Saba kwa saba, tumalize!"

Ibtihal akaweka kiatu chini, akajikung'uta, akaelekea mlangoni polepole, kama wafanyavyo wateja wazoefu.

"Rudi wewe! Kumi, kumi!"

Ghizlane alitaka kusema kwamba mipango haiundwi hivi. Akayameza maneno hayo pamoja na chai, akafuta matano, akaandika saba. Kwenye wajibu wa mzazi, mahali ambapo kwa kawaida hubaki patupu, akaandika dakika kumi.

Bwana Abdelhaq akatia saini, kisha akainama. "Mwalimu," akanong'ona, "hilo la kelele usiliandike. Watu watasoma."

"Liandike," alisema Ibtihal.