Mchanga Juu ya Mfinyanzi

Kazi yangu ni kugawa udongo wa ufukweni katika matabaka na kuyapa majina. Wapo wanaodhani ni uganga, na wapo wanaodhani ni njia ya kula mshahara wa bure. Kwetu Njombe, mama huwaambia majirani kwamba mwanawe Jonathan anachimba dhahabu, maana ukweli unamtia haya.

Hapa Ujiji mambo si magumu kueleza. Ziwa lilipanda, likaikalia nchi kavu miaka kadhaa, kisha likarudi nyuma na kuacha mchanga. Hilo ndilo tabaka changa. Chini yake panatakiwa kuwa na udongo mwekundu, ule wa mashamba na nyumba. Chini zaidi kuna mfinyanzi wa kijivu, ulioachwa na ziwa zama za kale, kabla mtu yeyote hajajenga hapa.

Asubuhi moja tulimkuta Mama Ziada anatusubiri ufukweni. Mwanawe Feruzi alizikwa pale, kwenye makaburi ya ukoo, muda mfupi kabla ya maji kupanda. Kaburi halikujengewa, lilikuwa na jiwe tu upande wa kichwani, nalo lilishapotea. Ramadhani ilikuwa inakaribia, na kwao kabla ya mfungo mtu huzuru wafu wake, akasimama kaburini na kuwasomea. Miaka yote ya maji alikuwa akimsomea kutoka nyumbani, na moyo wake haukutulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia bomba lenu linaona chini. Nionyeshe tu alipolala. Siombi kingine."

Nikamwambia inawezekana. Kaburi hukata matabaka, na udongo uliofukiwa haujipangi tena ulivyokuwa. Nilisema haraka mno, kwa furaha ya kuona kazi yangu inamfaa mtu kwa mara ya kwanza.

Marselino, fundi wetu, alilizamisha bomba la chuma, tukalivuta likiwa limejaa udongo. Nikafanya kile tunachofanya kila siku bila kufikiri: nikamega kipande kutoka chini, nikakitia mdomoni na kukisaga kwa meno ya mbele. Ukikwaruza, una mchanga. Ukiteleza kama siagi, ni mfinyanzi.

Mama Ziada alipiga yowe. "Anakula udongo wa kaburi! Marselino, mwambie ateme! Anamla Feruzi wangu!"

Nilitema. Niliomba radhi mpaka maneno yakaniishia, huku mate ya kijivu yakinichuruzika kidevuni. Nimewahi kuaibika maishani, lakini si kwa kiasi kile.

Ila ulimi ulikuwa umeshajua. Ule udongo uliteleza. Nikaangalia bombani: mchanga, kisha kijivu. Tukachimba pembeni, tukachimba upande wa juu, na kila mahali mchanga ulikaa moja kwa moja juu ya mfinyanzi. Mawimbi hayakuyafunika makaburi. Yaliyachukua kwanza, pamoja na yote yaliyokuwemo, ndipo yakaleta mchanga. Katika fani yetu mpaka wa namna hiyo una jina lake, na siku ile nililichukia.

Marselino alinitazama kwa jicho la kuniomba nidanganye. Nami nilitaka kudanganya, nichomeke kijiti popote na kusema ni hapa. Lakini Mama Ziada alikwisha kuinama juu ya bomba, kidole chake kikiwa pale mchanga unapokutana na kijivu.

"Mwekundu uko wapi?" aliuliza. "Alizikwa kwenye mwekundu."

"Haupo, mama. Maji yaliuchukua wote. Feruzi hayupo hapa."

Nilidhani atapiga yowe tena. Badala yake aliketi mchangani, akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Siku ile wanaume walirudi kutoka kumzika, miguu yao imejaa ule mwekundu," alisema. "Wakauchafua ua wote. Nikawagombeza, Mungu anisamehe. Nikachukua ufagio, nikaufagia ule udongo wote, nikautupa."