Ubao wa Redio

"Sasa nepi zinatoka wapi?" Mama aliuliza, akiinamia skrini kana kwamba zimefichwa humo.

Kaka alikuwa ameandika "ne" tu. Sehemu iliyobaki mashine ilijijazia yenyewe: nepi.

Tangu kiharusi kimlaze, kilichobaki kumtii ni macho. Nilimtengenezea ubao wa herufi wa kwenye kompyuta: akiikazia macho herufi, inajiandika. Kisha nikaifundisha mashine kubahatisha neno kabla hajalimaliza, asichoke. Na maneno ya kuifundishia? Nikaimiminia meseji za simu yangu, na tangu nijifungue simu yangu haina habari nyingine ila za mtoto. Akianza "la", lala mwanangu. Akianza "be", beua. Mtu mzima huyo, mnadi wa mitumba, sokoni wakimwita Redio kwa kuwa hakuna aliyeweza kumzima!

Chumba cha pili mwanangu alianza kulia. Nilikuwa nimemweka mbali kwa sababu kamera inayosoma macho ya kaka ikiona ya mtoto inayafuata hayo.

"Nivumilie, kaka. Nairekebisha sasa hivi."

Akafumba macho mara mbili. Hapana. Asubuhi tulikubaliana: leo ikishindikana, naiondoa, tunabaki na kufumba mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana.

Akajaribu tena. Nepi.

"Mwache, kachoka," Mama alisema. "Mimi namjua. Anataka maji."

Mara mbili.

"Basi mto."

Mara mbili, akiyabana hadi chozi likamtoka.

"Au labda anata…" nilianza, nikajishika mdomo. Mama, mimi na mashine, sote watatu tulikuwa tunammalizia.

Nikauzima ubahatishaji wote. Zikabaki herufi tupu.

"Taratibu, kaka. Hatuna haraka."

Uongo mtupu, maziwa yalishanilowesha blauzi. N. E. Macho yakateleza, ikaja M. Akaifuta. N. Mama akafungua mdomo, nikamfinya mkono. D. Niliona nitapasuka. Mtoto akazidi kulia, na herufi zikaendelea kudondoka mojamoja:

nenda kanyonyeshe unanuka maziwa

Nikacheka, nikalia.

"Niiondoe, kaka?"

Mara mbili.

Nikaenda. Niliporudi na mtoto kifuani, nikasimama nyuma ya kamera isimwone. Nilipochungulia skrini, palikuwa na maneno mapya: mama pun

"Punguza!" Mama akaropoka. "Nipunguze nini, baba? Sukari? Chumvi?"

"Mama, jamani! Subiri."