Sahani ya Diski ya Mbele

1.
TANGAZO KWA WASHIRIKI WA MASHINDANO YA PIKIPIKI NDOGO
Ukaguzi wa breki utafungwa saa sita kamili mchana. Pikipiki isiyo na fomu iliyosainiwa na fundi wake haitaingia uwanjani. Visingizio havitapokelewa.

2.
Mimi Elinami, fundi wa pikipiki hapa Moshi. Saa nne na nusu sasa. Gurudumu la mbele la pikipiki ya dada yangu Ndeshi nimelifunga mara tano, na mara tano diski ya breki inayumba. Nimechoka nalo. Ningekuwa peke yangu ningelitupa mtoni.

3.
Vilivyokataa kuoana:
ringi, ya pikipiki kubwa zaidi, matundu sita
diski, matundu manne
mimi na subira

Katikati nimeweka sahani ya chuma ya kuwapatanisha. Hiyo sahani ndiyo iliyopinda.

4.
Simu kwa Shirima, mkereza vyuma.
— Shirima, umenipa takataka.
— Uliniletea sampuli, hukuleta?
— Nilileta.
— Ukasema nifanye hivihivi, nisibadilishe hata unywele, niongeze unene tu. Nimefanya hivyohivyo, kaka. Sasa unanigombeza nini?
— Si ungeniambia imepinda!
— Nilidhani ndivyo unavyotaka.

5.
Wewe unayesoma, usimlaumu Shirima. Huku kwetu hatuchori. Ukimpelekea mkereza karatasi anakuuliza, sampuli iko wapi? Basi nikatoa kwenye droo sahani ya mwaka jana.

Ile aliyoanguka nayo Ndeshi.

Ilipinda siku ile, kidogo tu, jicho halioni. Shirima akaikereza na ajali yenyewe.

6.
(Ndeshi)
Ninayeipanda ni mimi. Mwaka jana breki ya mbele iliachia kwenye kona ya pili, mtulinga, mfupa wa bega, ukavunjika. Miezi minne nilisukwa nywele na mama kama mtoto, mkono haupandi. Nikamwambia kaka, narudi mara moja tu. Ile kona siwezi kuiacha hivi hivi. Nikianguka tena, basi, sipandi tena.

7.
Kwenye foleni ya ukaguzi:
"Gonga na nyundo, itanyooka."
"Weka kipete cha washa upande mmoja."
"We fundi, mkaguzi mwenyewe anazungusha kwa mkono, ataona wapi?"

8.
Nikagonga. Nikaweka washa. Nikazungusha, ikatulia.

Polepole, inatulia.

Kwa kasi sijui, maana muda wa kuijaribu —

9.
Mkaguzi akainua gurudumu, akalizungusha kwa mkono. "Safi. Malizia hapa."

FOMU YA FUNDI
Nathibitisha kuwa nimeijaribu breki ya mbele kwa mwendo wa mashindano, na inashika.
NDIYO / HAPANA
Sahihi: ........................

Saa sita kasoro dakika nne.

Mwaka jana niliisaini hii hii. Sikuwa nimejaribu kitu. Hilo Ndeshi halijui, na kila nilipotaka kumwambia —

10.
(Ndeshi)
Mwaka jana kaka alisaini huku anacheka na mkaguzi, hata fomu hakuitazama.

Leo ameisoma. Akaisoma tena.

"Kaka, vipi? Muda unaisha."

Kalamu ameishika, haijagusa karatasi.

Mkaguzi akatazama saa yake. Kaka hakuniangalia usoni, alikuwa anaangalia bega langu.

Nikaanza kulegeza mkanda wa kofia, niivue.