Bibi Aliyeharibu Picha

Bibi alikuwa na ombi moja tu, tena dogo: ayaone maporomoko ya maji kabla macho yake hayajazimika. Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia wazi kwamba jicho la kushoto limekwisha, la kulia liko njiani, na dawa hakuna. Maporomoko yenyewe yako nyuma ya milima aliyoiona tangu azaliwe. Ujanani alikuwa na shamba, halafu akawa na watoto, halafu akawa na shamba na watoto. Kwenda kutazama maji yakianguka ilikuwa kazi ya wasio na kazi.

Sasa Mungu kampa mkwe dereva wa watalii, anayekwenda huko kila wiki. Ungedhani mambo yamejipa. Kumbe!

Kiangazi kile, watoto walipofunga shule, mkwe aliazima gari la kazini awatembeze wote: bibi, mkewe na wajukuu wawili wa kike. Milango ilipofungwa tu, akashika kipaza sauti. Kipaza sauti, jamani, kwa abiria wanne, na mmoja wao mke wake wa ndoa!

"Karibuni sana, wageni wetu. Tufunge mikanda."

"Wageni wa nani?" bibi akauliza. "Huyu si ndiye aliyekuja kuposa kwangu magoti yakimgongana?"

Binti yake akamfinya. "Mama, mwache. Akishika usukani ndivyo anavyokuwa."

Walipofika mashambani, mkwe akapunguza mwendo. "Upande wa kulia mnawaona wenyeji wakilima kwa zana iitwayo jembe. Wenyeji hawa ni wakarimu na hupenda kutabasamu." Bibi akatazama sugu za viganja vyake, akameza mate, maana angejibu angevunja ndoa ya watu. Mbele kidogo kikatokea kilima alichochungia mbuzi utotoni. Mkwe akatangaza kwamba hicho ni Kilima cha Malkia, na kwamba malkia mwenyewe alijitupa kutoka kileleni kwa ajili ya mapenzi.

Hapo bibi uvumilivu ukamshinda. "Malkia gani? Aliyejitupa pale ni beberu wa baba yangu, na hakuwa na mapenzi, alikuwa na kichaa."

"Maswali mwishoni, Mama."

Basi wangekwenda moja kwa moja? Thubutu! Gari likakata kona kwenye duka la vinyago kama punda anayejua zizi lake. Mwenye duka humkatia mkwe chake kwa kila mgeni anayenunua, na mazoea yana taabu: alishashuka na kufungua milango kabla hajakumbuka amebeba nani. Hata alipokumbuka, hakuona sababu ya kuwarudisha garini. Mkewe akatoka na twiga wa mti. Twiga wa nini, na nyumbani sufuria zinalala chini ya kitanda?

Bibi alibaki garini, roho ikimuuma. Alilima chini ya milima ile maisha yake yote, akajua kwamba alasiri ukungu hushuka, na ukishashuka hata mwewe haoni kitu. Siku nyingine ya kuletwa tena angeipata wapi, na jicho gani lingekuwa limebaki?

Walipofika, ngurumo ya maji ilimpokea kabla hajakanyaga chini. Moyo ukamwenda mbio kama msichana. Akatanguliza fimbo, akajikaza, lakini mkwe akamwahi.

"Hapana, Mama! Picha kwanza." Akawapanga kwenye uzio, wafupi mbele, mzee katikati. "Wote nitazameni mimi. Migongo kwenye maji. Ndivyo tunavyofanya na wageni."

Akapiga. Mjukuu mmoja alikuwa amefumba macho. Akapiga tena, mwingine alikuwa anajikuna. Kwa jicho lake moja bibi aliuona ukungu ukiteremka mlimani pembeni, na huku anaambiwa atabasamu. Atabasamu nini! Akageuka.

"Mama! Nitazame mimi!"

"Wewe nimekutazama tangu ulipooa," bibi akasema. "Inatosha."

Akayaona. Yalikuwa meupe juu, na katikati, mwamba ulipoyapasua, yakawa na rangi ya kijani ambayo hajawahi kuiona kwenye jani lolote. Chini hayakugonga jiwe. Yalitawanyika tu hewani, yakawa moshi, moshi ukarudi kupanda. Bibi alilia bila haya. Mkwe aliporidhika na picha na kusema, "Haya, sasa geukeni," wengine waligeukia ukungu mtupu.

Njiani mkewe akakagua picha. Sura zote nyeusi, nyuma kweupe pe, na katikati kisogo cha bibi.

"Mama ameziharibu," mkwe akanung'unika.

"Baba, kwani maji yana rangi gani?" mjukuu mdogo akauliza.

"Urefu wake ni mita…"

"Rangi, Baba."

Rangi mkwe hakuijua. Anakwenda kila wiki, na kila wiki huwa anashughulika kuwapanga watu. Ikabidi bibi awaeleze, nao wakamsikiliza, mkwe akiwa amekizima kipaza sauti.

Kabla mvua hazijaanza, lile jicho la kulia nalo likazima. Binti yake ndiye aliyemletea habari kwamba siku hizi mkwe huwasimulia wageni juu ya rangi ya kijani isiyopatikana kwenye jani lolote, na moshi unaorudi kupanda, nao humpigia makofi.

"Huwasimulia wakiwa wapi?" bibi akauliza.

"Pale kwenye uzio, Mama. Wakiwa wamemtazama yeye."