Mwamba Dirishani kwa Mama

Fundi lipu mmoja, ambaye wenzake kazini walimpachika jina la Pima Maji, kile kifaa cha kupimia unyoofu wa ukuta, alikuwa na ugonjwa wa unyoofu. Ukuta ukipinda unene wa ukucha, usingizi haumpati. Hata akienda kwa watu, alinyoosha picha zao ukutani kabla hajakaribishwa kiti. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejitia kutengeneza mwamba!

Mambo yalianza mama yake alipoanguka bafuni akavunjika nyonga. Pima Maji akamjengea chumba nyuma ya sebule. Dirisha la sebule, ambalo zamani lilitazama uani, sasa likawa linatazama kitanda cha mama. Badala ya kuliziba, akachomeka humo tangi la samaki, kioo huku na kioo huku, ili mgonjwa apate cha kutazama.

Na mama akainuka kweli. Dada wa mazoezi, aliyekuja kila Jumanne, alikuwa amesema bila kuficha: asiposimama sasa, hatasimama tena. Basi kila jioni mama alijivuta, akakaa, akashika kiti, akapiga hatua nne mpaka kwenye tangi. Nne tu, lakini zake mwenyewe.

Kisha siku moja fundi mwenzake Pima Maji akaja kunywa chai sebuleni. Akainama kuwaangalia samaki, akakutana macho kwa macho na mama, kajifunga shuka, anajichua mguu.

"Shikamoo, mama!" akapaza sauti kwenye kioo, halafu akaangua kicheko.

Pima Maji hakucheka. Aliona mama yake ameanikwa kama bidhaa dukani. Akaamua kuweka mwamba nyuma ya tangi, uzibe kioo chote cha upande wa chumbani. Akamwuliza muuza samaki, akamwuliza muuza simenti. Mama hakuulizwa. Ndiyo maana watu husema akili nyingi huondoa maarifa.

Akachukua lile povu gumu jeupe lililokuja na friji ndani ya boksi, akalikata, akalibandika tabaka juu ya tabaka kwa silikoni, akalipaka simenti. Mkewe akaja kukagua.

"Mume wangu, jiwe gani hili lenye kona nne? Huu si mwamba, ni choo kilichokosa mlango."

"Limenyooka, lakini."

"Ndiyo ubaya wake!"

Mkewe akamnyang'anya mwiko, akampa kisu cha mkate na uma wa jikoni. Akamsimamia akikwangua, akimega, akichimba, na kila mkono ulipotaka kusawazisha akaupiga kofi. Siku tatu yule bwana aliteseka. Mwisho kikatoka kitu chenye nyufa, mapango na mabonde, ungeapa kimevunjwa mlimani.

Simenti mbichi ina ukali unaoua samaki, kwa hiyo akalilaza jiwe lake ndani ya pipa la maji. Likaelea. Fundi mzima alikuwa amesahau kwamba povu huelea! Akaligandamiza kwa matofali manne, akabadilisha maji wiki tatu, mpaka utelezi ule kama wa sabuni ukaisha.

"Unapika nini humo pipani?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Utaona, mama."

Akawahamishia samaki kwenye ndoo, akaubandika mwamba, akajaza maji. Lo, ulipendeza! Samaki waliingia kwenye nyufa kama waliozaliwa humo, na wageni wakashika midomo.

Jioni hiyo mama hakuinuka. Amechoka, alisema. Kesho yake mguu unauma. Jumanne dada wa mazoezi alimkuta kaelekea ukutani, na wiki iliyofuata vilevile. Akiaga mlangoni akashusha sauti: "Mfupa umeunga vizuri. Aliyekata tamaa ni mwenyewe."

Pima Maji akaenda moja kwa moja jikoni. Mkewe alikuwa akimwaga chakula ambacho hakikuguswa.

"Tangu lini?" akamwuliza.

"Leo siku ya tisa. Wewe umebandika jiwe lako lini?"

Alikwenda chumbani, akaketi kitandani kando ya mama, na kwa mara ya kwanza akalitazama tangi kutoka upande wa mama. Hapakuwa na samaki wala mwamba. Palikuwa na mgongo mweupe wa povu, wenye chapa ya kiwandani ya mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Mshale wenyewe ulielekea chini.

"Umeniziba, mwanangu," mama alisema, bila hasira.

"Nilitaka kukusitiri, mama. Watu walikuwa wanakuona."

"Sitara ni pazia. Pazia nalivuta mwenyewe nikitaka, nikitaka nalifungua. Hilo ulilojenga ni ukuta."

Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Wale samaki nilishawachoka siku nyingi. Nilikuwa nasimama nikuone wewe ukirudi kutoka kazini. Unavyovua viatu. Mnavyobishana na mkeo, mikono juu, sauti hamna. Raha tupu!"

Pima Maji alicheka na machozi yakamtoka papo hapo, wala hakuyaficha. "Nisamehe, mama. Naubomoa wote leo hii."

"Usiubomoe. Mkeo kaniambia ulivyoteseka. Toboa tu tundu, nami uninunulie pazia."

Akaleta chaki. Akainama mbele ya kioo, akapima kwa jicho, akaweka kidole chini kabisa. "Hapa, mama. Utaona ukiwa umeketi kitandani."

"Panda."

"Hapa?"

"Panda zaidi."

"Mama, huku juu hutaona ukiwa umekaa."

"Nani kakwambia nitakaa?" Alikuwa ameshatupa shuka pembeni, anatafuta kiti. "Na wewe ni fundi gani, unataka kukata bila kupima?"

Akaja. Hatua ya kwanza, ya pili, kisha akapumzika muda mrefu mpaka Pima Maji akanyoosha mikono. Mama akaitikisia kichwa. Ya tatu. Ya nne. Akafika, akaachia kiti, akamshika mwanawe begani, akanyoosha shingo. Mwili wote ulikuwa ukimtetemeka.

"Chora sasa, macho yangu haya hapa. Acha kulia, mwanangu, anayesimama ni mimi."

Pima Maji akachora duara kwenye kioo, sawasawa na macho ya mama. Lilikwenda upogo, naye hakulinyoosha. Akamwita mkewe alete ile ndoo ya kuhamishia samaki.