Kura ya Leseni ya Kengele

...na bado wanasema leseni ni ya programu tu, si ya watu, mwanasheria wao mwenye sauti ya usingizi anarudia, jamani, leseni inamwambia mtu afanye nini na msimbo tuliouandika, haiwezi kumfuata mpaka chumbani kwa mgonjwa, na yeye ameketi mbele ya kompyuta, kipaza sauti amekizima, chai imeota utando, anatazama nyuso za wenzake wa mradi kwenye vijidirisha vya mkutano na kuwaza, chumbani kwa mgonjwa, wewe umekujuaje... hawajui, hakuna aliyemwambia, kwao yeye ni Mama Kengele, hana mtoto lakini ndiye aliyeandika programu ya kukumbusha watu kumeza dawa, akaiachia huria, chukua, badilisha, gawa, na hata ile kampuni ilipoichukua ikaipaka rangi na kuiita yake aliwatuliza waliokuja juu, iacheni ichukue, si ndiyo maana ya huria, mpaka siku ile alipokuwa kwenye foleni ya benki na simu ikaita, sauti tamu ya binti, habari za mchana dada, tuna mawigi mepesi kwa wanaotibiwa saratani, wewe tumekupata kama ndugu wa karibu wa mgonjwa, naye akacheka, umekosea namba mdogo wangu, kwetu hakuna mgonjwa, na binti akamtajia jina la mama yake, lote, hadi la babu... "Kipengele ni hiki," anasema mwenyekiti, "atakayetumia msimbo wetu asikusanye wala kuuza taarifa za watumiaji," na Miwani, fundi wa seva, anadakia, "Wenyewe si wanabonyeza nakubali? Ukianza kumpangia mtu, hiyo si huria tena, leo data, kesho utampangia rangi ya shati," wanacheka, na Miwani hana kosa, ndicho kinachomchoma, mwaka juzi maneno hayo yangetoka kinywani mwake yeye... Mama naye alibonyeza, kwenye ile ya kampuni. "Pale si wameandika nakubali, mwanangu? Ningekataa nini?" Hiyo ilikuwa baadaye, kwanza alimpigia simu akauliza, Mama, unaumwa, na mama yake akakohoa akasema, "Nani kakuambia?" kama mtoto aliyefumwa, kisha, "Sikutaka kukuhangaisha, una kazi zako," kazi zako, na kazi yenyewe ndiyo hiyo kengele, aliyomwekea mama mwenyewe kwenye simu, akamfundisha, bonyeza hapa Mama, ikilia umeze... mbona hukutumia ya kwangu basi, aliuliza, swali la kijinga, mtu anaumwa wewe unauliza programu, na mama akajibu polepole asimuumize, "Ya kwako inalia tu, mwanangu. Hii inaniuliza nimeamkaje." Nimeamkaje. Na wazo hilo liliwahi kuletwa, mbele ya hawa hawa, tuweke salamu, na yeye ndiye aliyelikataa, alijiona mwadilifu kweli kweli, ukiuliza lazima uhifadhi jibu, na sisi hatuhifadhi chochote cha mtu, ikapita, wakapiga makofi, hivyo kengele yake ikabaki safi, haijui lolote, inalia na kunyamaza, na mama yake kila alfajiri, peke yake ukingoni mwa kitanda, akawa anaijibu ile nyingine kwa kidole kimoja, huenda leo mgongo, leo sijalala, leo nywele zimebaki kwenye mto... zimebaki kwenye mto, na mwenye mawigi akasoma. "Waliobaki kupiga kura?" Alikuja na maneno yake yamepangwa, ya hasira, angewaambia ndiyo, kiandikeni, kifungeni, mtu asiuzwe, na bado atasema ndiyo, mkono uko tayari, ila hasira imemponyoka na chini yake pana kitu kingine anachokionea aibu, kwamba yako mahali fulani, majibu yale, asubuhi baada ya asubuhi, mgeni anayo, muuza mawigi anayo, na yeye mtoto wa kwanza hana hata moja, na akitokea mtu sasa hivi akamwambia ninauza, angenunua yote, angeketi hapa hapa ayasome... "Mama Kengele, upo? Tunakusubiri wewe tu," na anajiona kwenye kijidirisha chake, midomo imefunguka kidogo, kipaza sauti bado kimezimwa.